Binti, kabla ya studio, kaimbe kwanza harusini

Mabinti wanaotaka kuimba wakinijia huuliza studio ipi ni nzuri na prodyuza yupi anapokea wasanii wapya. Mimi ni mwimbaji wa harusi wa miaka mingi, na jibu langu ni lilelile: kaimbe kwanza mbele ya kina mama. Wengi hununa, wakidhani nawafungia njia. Ndipo huwasimulia habari za mwimbaji Oumou Sangaré wa Mali.

Alizaliwa Bamako mwaka 1968. Baba alipoiacha familia, mama, ambaye naye alikuwa mwimbaji, alibaki na watoto wa kulisha. Oumou akaanza kuimba angali mdogo, kwenye harusi na sherehe za kuwapa watoto majina, ili nyumbani kipatikane chochote. Asili yao ni Wassoulou, kusini mwa nchi, ambako mtu haimbi kwa kuzaliwa katika ukoo wa magrioti, wale waimbaji wa kurithi wanaosifu koo za wakubwa. Alikuwa huru kuimba yanayomkera. Na shughuli zile zilimwonyesha mengi: msichana anaozwa bila kuulizwa, mke mkubwa anavumilia huku mke mwenza analetwa.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, mwanangu. Ukumbini unaona mwenyewe ni mstari gani umemwinua mama kitini aje kukutuza, na upi umemfanya ainamishe kichwa. Studio haina mama huyo. Nikitoka kwenye shughuli huandika mistari iliyoitikiwa, na iliyopita kimya naibadilisha kabla ya shughuli nyingine. Nimeona kwamba inayowagusa hasa ni ile inayolitaja jambo la nyumbani waziwazi. Mapambo ya maneno hupigiwa makofi na kusahaulika.

Mwaka 1986 Oumou alikwenda Ulaya na kundi la Djoliba Percussions. Baadaye aliunda kundi lake mwenyewe na kuuweka mbele muziki wa kwao, ukiongozwa na kamalengoni, ala ya nyuzi ya vijana wa Wassoulou, pamoja na gitaa na fidla. Alipoingia studio, mjini Abidjan, Côte d'Ivoire, alikuwa na miaka kama 21 tu, lakini alikwishaimba mbele ya watu tangu utotoni. Albamu hiyo, Moussolou, yaani Wanawake, iliuza zaidi ya kanda 200,000. Na aliimba kupinga ndoa za kulazimishwa na ndoa za wake wengi katika nchi ambayo ndoa hizo ni jambo la kawaida! Naamini ujasiri huo aliutoa kwa wanawake aliowaimbia miaka yote ile.

Kuhusu fedha, neno moja tu. Oumou alifungua hoteli Bamako, akapata kipato nje ya jukwaa. Wewe anza na fedha za kutuzwa: tenga akiba usiku uleule, kabla hujalipia sare na usafiri.