Hofu ya mionzi katika tiba ya mapigo ya moyo

Shikamoo mama. Umeeleza kwamba binti yako, hapo Mikindani, moyo humwenda mbio ghafla hata akiwa ameketi akikuna nazi, na kwamba ameshauriwa kuunguzwa njia ya umeme iliyozidi ndani ya moyo, ila unahofia mionzi kwa kuwa bado hajazaa.

Hofu hiyo ina msingi, ingawa mionzi yenyewe kwa kawaida ni kidogo. Daktari hupitisha mirija myembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, na kwa miaka mingi aliifuatilia kwa eksirei. Siku hizi zipo mashine zinazochora ramani ya moyo kwenye kompyuta kwa sumaku na umeme hafifu, pengine pamoja na altrasaundi, hivyo mara nyingi shughuli nzima humalizika bila mionzi.

Kabla ya safari ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, jitahidini apimwe umeme wa moyo pale Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, wakati moyo unakimbia, kwani karatasi iliyotolewa moyo ukiwa umetulia (wengi hurudi nayo nyumbani wakifurahi) huenda isioneshe kitu. Akizimia au akibanwa kifua, msingoje rufaa. Mkimbizeni hospitali usiku huohuo.