Kujifunza data ukubwani: majibu ya maswali yenu

Nina miaka 47, nimefundisha Jiografia sekondari hapa Urambo kwa miaka ishirini. Je, nimechelewa kujifunza sayansi ya data?

Hujachelewa, mwalimu. Swali hili linaletwa kila wiki, na kila wiki anayeuliza hajafungua hata jedwali moja. Haya, tulifungue. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora na 2,127,930 Kigoma. Ya 2022 ikahesabu 3,391,679 Tabora na 2,470,967 Kigoma. Mikoa ni jirani na ilianza ikikaribiana, lakini mmoja umekua kwa asilimia 48 na mwingine kwa 16. Kijana aliyetoka chuoni jana atachora grafu nzuri na kuishia hapo. Wewe uliyefundisha uhamaji, mvua na malisho utauliza: ni wilaya zipi zilizoongezeka? Ni waliozaliwa au waliohamia? Maswali hayo ndiyo kazi yenyewe, na majedwali yapo bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Inaniuma kuona watu wazima wakiiacha miaka yao ishirini mlangoni kama viatu vya matope, halafu wanakaa darasani kama watoto wa chekechea. Ingia nayo.

Nianze na Python au R, zile lugha za kuiandikia kompyuta maagizo?

Python. Lakini kama hujui kuchuja na kupanga safu kwenye Excel, programu ya majedwali, anzia huko.

Mimi ni muuguzi mstaafu, Ujiji. Hisabati niliiacha kidato cha nne. Nitaweza?

Shikamoo mama. Utaweza, maana hesabu unayoihitaji mwanzoni ni ya sokoni. Tuseme umeandika bei ya beseni la dagaa pale mwaloni Kibirizi kwa siku tano: 40,000, 42,000, 41,000, 43,000 na 410,000. Wastani wake ni 115,200, bei ambayo hakuna aliyelipa. Sasa zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati: 42,000. Hiyo tunaiita kati, na ndiyo inayokaribia ukweli wa mwalo. Kisha rudi kwenye ile 410,000. Mkazi wa Ujiji anajua papo hapo kwamba kuna sifuri iliyozidi, kompyuta haijui. Umeshajifunza mambo mawili, na kalkuleta ya simu inatosha.

Niko chama cha msingi cha tumbaku, Sikonge. Mwenzangu anasema kusafisha data ni kazi ya vibarua, nianze moja kwa moja na akili mnemba. Unasemaje?

Mwenzako anakupoteza. Mimi nilishika kalamu kwenye mizani ya tumbaku miaka 16 kabla ya kugusa kompyuta. Robota, yaani furushi la tumbaku, likikataliwa na mteuzi anayepanga madaraja, safu ya uzito hatukuandika kitu, tulipiga kistari. Baadaye, nikiwa nimeshajifunza kazi hii, nililetewa madaftari ya namna ile ile yakiwa yameingizwa kwenye kompyuta, na kila kistari kimegeuzwa kuwa sifuri. Wastani wa uzito ulikuwa umeporomoka, na ripoti ilishaandikwa kwamba wakulima wanafunga marobota mepesi. Wakulima wale walikuwa hawajakosea chochote. Sifuri maana yake tumepima tukakuta hakuna. Kistari maana yake hatukupima. Programu ilijumlisha sawasawa, lakini ilijumlisha uongo. Nilikaa siku tatu na yale madaftari, ukurasa kwa ukurasa, nikirudisha vistari mahali pake, na hizo ndizo siku ninazoziona kuwa nilianza kuwa mtu wa data.

Akili mnemba itakuandikia maagizo ya Python, itumie. Ila ukiipa safu yenye neno Mwanga, haitajua kama ni mtaa wa Kigoma mjini au wilaya ya Kilimanjaro. Wewe unatakiwa ujue, na daftari ndilo litakalokuambia.

Ninunue laptopu gani?

Yoyote nzima yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, hata iliyotumika. Msiniulize tena rangi na jina.

Kuna kozi ya wiki mbili mtandaoni, wanatoa cheti na kuahidi kazi Dar es Salaam. Nilipe?

Usilipe. Anayeahidi kazi kwa wiki mbili anauza ahadi. Chukua takwimu za shughuli unayoijua, andika kurasa tatu za ulichogundua, ukamwonyeshe mtu anayefanya shughuli hiyo. Akisema "hapa umekosea", umepata mwalimu.

Ni mhudumu wa zahanati, Kasulu. Nimepiga picha rejista ya wagonjwa, nikaiingiza kwenye jedwali na kulituma kwenye kundi letu la kujifunza. Majina nimeyatoa. Nianze na uchambuzi gani?

Usianze na wowote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kutoa majina hakutoshi: kijiji kimoja, mwanamke wa miaka 34, tarehe ya kliniki na ugonjwa wake, jirani yake amekwisha kumjua. Alikuja kwako akiwa mgonjwa, hakuja kuwa zoezi la darasa. Leo hii lifute jedwali kwenye kundi, waombe wenzako walifute kwenye simu zao, zifute na picha, kisha umweleze mganga mfawidhi kilichotokea kabla hajakisikia kwa mwingine.