Explorer ikikushinda: maswali yenu kuhusu programu za kusimamia faili

Habari za kazi. Miaka yote natumia Explorer ya Windows, ile ya kufungulia folda. Kwa nini nihangaike na programu nyingine?

Kama kazi yako ni barua mbili tatu na picha za familia, usihangaike. Anayehamisha faili kutwa nzima, kama mpiga picha za harusi au mhudumu wa stesheneri, huyo ndiye ninayemsihi ajaribu. Programu hizi huonyesha folda mbili ubavu kwa ubavu: huku unakotoa, kule unakopeleka. Kitufe cha Tab kinakuvusha upande wa pili, F5 inanakili, F6 inahamisha, F7 inatengeneza folda mpya. Mtindo huu ulienezwa na Norton Commander mwaka 1986, zama za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, na vitufe vyake bado ni vilevile. Ukivizoea, kipanya utakigusa mara chache.

Sina hela ya leseni. Nianze na ipi?

Double Commander. Ni ya bure, ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Total Commander, ya Christian Ghisler wa Uswisi, ni kongwe na nzuri sana, ila baada ya kipindi cha majaribio inatakiwa kulipiwa. Tafadhali usichukue nakala iliyovunjwa leseni. Programu hii unaikabidhi kila faili ulilonalo, kwa hiyo ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wake tu.

Kaka, nilichapisha kazi ya chuo stesheneri. Sasa folda zote kwenye flashi zimegeuka shotkati (njia za mkato), ingawa flashi inaonyesha imejaa. Nimepoteza kila kitu?

Hapana, dada. Kama flashi bado imejaa, faili zako karibu hakika zimo. Usizibofye hizo shotkati, maana kuzibofya ndiko kunakoamsha kirusi.

Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti kitu. Huzipa folda zako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha huweka shotkati zenye majina yaleyale. Explorer haionyeshi faili za mfumo, na hata ukiiambia ionyeshe zilizofichwa, hizo za mfumo zina kisanduku chake kingine cha kutia tiki. Double Commander ina amri moja kwenye menyu inayoonyesha zote kwa pamoja. Iwashe, ufungue flashi upande wa kushoto, na folda zako utaziona. Wakati mwingine huwa zimesukumwa ndani ya folda isiyo na jina.

Upande wa kulia fungua folda mpya kwenye kompyuta, unakili huko nyaraka na picha zako tu. Angalia herufi za mwisho za kila jina: .lnk, .vbs, .js na .exe usizichukue, hata kama jina linaanza kama la picha. Faili zikishafika, ziondolee zile sifa mbili.

Lakini programu ya faili haiui kirusi. Kagua kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi, hakikisha kazi yako inafunguka, ndipo ufomati flashi.

Nimeipenda Total Commander. Naweza kuifuta Explorer?

Usiiguse. Explorer ndiyo inayochora pia mstari wa chini wenye kitufe cha Start na ikoni za skrini ya mwanzo. Zote mbili hukaa pamoja bila kugombana.

Flashi yangu ya GB 32 iko tupu, lakini inakataa filamu ya GB 5. Nimejaribu programu tatu!

Tatizo haliko kwenye programu. Flashi yako bila shaka imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambayo haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. Ifomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi usio na kikomo hicho. Kufomati kunafuta vyote vilivyomo, na redio au televisheni za zamani huenda zisiisome, kwa hiyo ukiitumia huko tafuta flashi nyingine ya filamu.