Kalamu Nyekundu Iache Nyumbani

SWALI: Najitolea kufundisha insha darasa la sita kila Jumamosi. Nasahihisha kila kosa, lakini wanafunzi wanazidi kuandika kidogo. Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni huo wino. Mtoto akiona makosa 30 hukimbilia sentensi fupi asizoweza kukosea. Wiki hii shughulikia kosa la aina moja tu, mfano "kura" badala ya "kula", mengine yaache. Kaa na watoto wasiozidi 5. Dakika 10 wasimulie kwa mdomo, 20 waandike wakiruka mstari mmoja mmoja, nafasi ya kurekebisha ibaki. Kisha kila mmoja asome yake kwa sauti: sentensi iliyokatika ataisikia mwenyewe. Kalamu ashike yeye. Na mada ya "Siku nisiyoisahau" imechosha jamani. Badala yake waandike namna ya kuwasha jiko la mkaa.