Miwani ya easofti na vita vyangu na ukungu

Niliwahi kufanya kosa ambalo kila mchezaji wa easofti, ule mchezo wa kupigana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi ndogo za plastiki, huonywa nalo siku ya kwanza: niliinua miwani katikati ya mchezo. Sikuivua, niliinyanyua kidogo tu ipate hewa, maana kwa ukungu ule nilikuwa sioni hata mkono wangu. Gololi ikanipata shavuni, vidole viwili chini ya jicho. Tangu siku hiyo ukungu kwangu si kero tena, ni hatari, kwa sababu ndio unaomshawishi mtu ajivue kinga kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo, ukienda kununua, anza na uimara. Kwenye miwani ya kiwango cha Ulaya, EN 166, tafuta herufi kwenye lenzi. F maana yake imehimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mita 45 kwa sekunde. B ni mita 120. F hiyo ni kama jouli (kipimo cha nishati ya pigo) 0.87 tu, ilhali gololi ya plastiki ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde inabeba jouli 1. Mimi sishuki chini ya B. Kwa kiwango cha Marekani, hakikisha imeandikwa Z87+, na ile alama ya kujumlisha iwepo.

Herufi N huonyesha kwamba lenzi yenyewe imepimwa kuhimili ukungu. Inasaidia, lakini haijui utakavyokuwa unahema baada ya kukimbia na kofia nzito kichwani.

Kilichonisaidia kweli ni lenzi ya tabaka mbili. Hewa iliyofungiwa katikati huzuia baridi ya nje isifike tabaka la ndani, basi mvuke wa jasho na pumzi haupati mahali baridi pa kugandia. Usiitumbukize kwenye maji tu. Yakipenya katikati, hutayafikia kuyafuta. Wanaovaa miwani ya macho ndani yake wafikirie ile yenye feni ndogo, wavumilie mlio wake. Miwani ya wavu wa chuma haishiki ukungu kamwe, na wengi huisifu, ila gololi ikipasuka vipande vyake hupita matunduni. Siivai.

Sasa niungame. Nilibadilisha miwani mara mbili kabla ya kugundua kuwa mkosaji alikuwa skafu niliyojifunga puani. Pumzi yote ilikuwa inapanda juu moja kwa moja ndani ya miwani! Nilipoishusha chini ya pua, nusu ya tatizo ikaisha bila kununua kitu.

Dawa ya kuzuia ukungu iliyopakwa ndani ya lenzi nayo ina adabu zake: ikilowa, usiisugue, itabanduka. Iache ikauke yenyewe. Na kabla ya kuipeleka miwani uwanjani, vaa kila kitu, barakoa na kofia pia, upande na kushuka ngazi kwa dakika kumi. Utajua.

Siku hizi ukungu ukinizidi, nainua mkono, natangaza nimetoka, natembea hadi eneo la mapumziko ndipo nifute. Nimeshapoteza raundi tatu kwa siku moja namna hiyo, na wenzangu wamenicheka vya kutosha.