Maswali yenu: Mungu mmoja au wawili?

Tangu nigusie habari ya Mungu wa Waislamu na wa Wakristo meseji zimejaa mpaka simu inapata moto. Nimechagua nne, zile za matusi nimefuta.

Hivi Waislamu na Wakristo wanaabudu Mungu yuleyule?

We unauliza ni nani, au unauliza yukoje? Maana watu wanachanganya hapo halafu wanagombana. Kama ni nani, wote wanasema ni yule aliyeumba mbingu na nchi akamwita Ibrahimu. Wakatoliki waliiandika hiyo kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1964, na Qurani 29:46 inasema Mungu wetu na Mungu wenu ni Mmoja. Ila ukiuliza yukoje, ndo hapo njia zinaachana, huyu anasema Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, yule anasoma Kulhuwallahu, sura ya Qurani inayosema hakuzaa wala hakuzaliwa, sasa hizo huwezi kuzitia chungu kimoja ukakoroga. Mimi naona wanamkusudia huyohuyo ila wanamfahamu tofauti, na tofauti si ndogo. Anayekwambia "dini zote sawa tu bana" hajasoma hata moja.

Ni kweli Allah ni mungu wa mwezi?

Hapana. Na jamani nimeshachoka na hii klipu mnayonitumia inayodai hivyo. Fungua Qurani 41:37, msilisujudie jua wala mwezi, si ndo hiyo? Halafu Wakristo wa Misri na Lebanoni wanasema Allah kanisani kila Jumapili, Biblia yao ya Kiarabu iliyochapwa Beirut 1865 imeandikwa hivyohivyo, Wakristo wa Kihausa nao hivyohivyo. Nao wanaabudu mwezi? Malaysia walifikishana mpaka mahakamani, gazeti la Kikatoliki likakatazwa kuandika Allah, rufaa ikagonga mwamba 2014. Sisi Waswahili tumepona kwa sababu Mungu ni neno letu la Kibantu, shehe Abdullah Saleh Farsy katafsiri Qurani kaandika Mwenyezi Mungu, padri naye madhabahuni Mwenyezi Mungu, na hakuna aliyemshitaki mwenzake. Msituletee ugomvi wa kununua.

Mhadhara wa mtaani kwetu ustadhi na mwinjilisti walibishana mpaka saa 4 usiku, nani alishinda?

Mwenye spika kubwa.

Mchumba wangu ni Mwislamu mi ni Mkristo, anasema kwa vile Mungu ni mmoja hakuna shida. Kweli?

Dada yangu, hapo Mungu kasingiziwa. Dini yake inamruhusu kuoa Mkristo, ya kwako itabidi uende kwa padri au mchungaji ukaombe kibali, lakini swali lenyewe hajaligusa: mtoto atabatizwa au atasomeshwa madrasa? Na we ukifa utazikwa na nani? Muulize leo, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akianza tena habari za Mungu mmoja waambie wajomba wasipokee mahari kwanza.