Mkeo ni keshia: anzeni na risiti kabla ya kutupa vyombo

Kaka, nimesoma swali lako na majibu yote hapo juu. Umeuliza kama ni kweli plastiki inavuruga homoni, kwa kuwa mkeo ana mimba ya miezi mitatu na shangazi yake ameagiza vyombo vyote vya plastiki vitupwe. Wachangiaji wamegawanyika, hawa wanasema tupa, wale wanasema ni uzushi. Ila kuna jambo ulilitaja kwa kupita na hakuna aliyeligusa: mkeo ni keshia. Mimi nimekaa kaunta miaka saba, kwa hiyo naanzia hapo.

Karatasi nyingi za risiti hazitumii wino. Ikwaruze kwa ukucha upande wenye maandishi. Ukiona mstari mweusi umejitokeza, hiyo ni karatasi ya joto. Imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali ya kuikoleza, na mashine ikiipasha joto ndipo maandishi yanatokea. Kwa miaka mingi kemikali hiyo ilikuwa bisfenoli A, maarufu kama BPA, ile ile inayotengenezea plastiki ngumu angavu ya polikaboneti na utando wa ndani ya makopo ya chakula. Kwenye plastiki imefungamana na wenzake, na kinachotoka ni masalia pamoja na kile kinachovunjika kidogo kidogo. Kwenye risiti iko huru juu ya karatasi, nayo inahamia vidoleni.

Mimi nilikuwa napaka krimu ya mikono asubuhi, sanitaiza kila baada ya muda, na mchana nakula haraka bila kunawa kwa sababu foleni haingoji. Sikujua kwamba vilainishi vilivyomo katika krimu na sanitaiza huirahisishia BPA kupenya ngozi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 24 walioshika risiti kwa saa 2 bila glavu. Kabla ya zoezi BPA ilionekana katika mkojo wa asilimia 83 yao. Baada ya hapo ilionekana kwa wote. Baadhi yao waliporudia wakiwa wamevaa glavu, hakukuwa na ongezeko la maana.

Niliharibikiwa na mimba mbili nikiwa kwenye kazi ile. Sisemi ni risiti. Daktari hakupata sababu, na mimi siwezi kuibuni. Nalitaja ili ujue kwa nini nilianza kusoma mambo haya, na kwa nini naumia nikiona mtu anaambiwa "usijali" hata hajamaliza kueleza.

Mchangiaji mmoja ameandika kwamba kiasi kinachotoka kwenye plastiki ni kidogo mno kumdhuru mtu. Kwa sumu nyingi hoja hiyo ina uzito. Kwa homoni haitoshi, kwa sababu homoni zenyewe hufanya kazi kwa viwango vidogo ajabu, na chembe inayofanana nazo inaweza kukaa kwenye vipokezi vyake na kutoa amri isiyotakiwa. Kwamba BPA huiga estrojeni, homoni ya kike, si habari mpya. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Dodds, alikuwa akitafuta estrojeni inayoweza kutengenezwa maabara, na BPA ilikuwa miongoni mwa alizozijaribu. Ilifanya kazi, ila kwa udhaifu. Mwaka 1938 akapata yenye nguvu zaidi, DES, nayo ikaja kupewa wajawazito kwa miaka mingi ili mimba zao zisiharibike. Mwaka 1971 ndipo ilipobainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na kina mama hao walikuwa wanapata saratani adimu ya uke. DES ina nguvu kuliko BPA kwa mbali na siwezi kuzilinganisha. Lakini nilipofika hapo katika kusoma nilifunga simu nikakaa kimya, maana wale walikuwa wanawake kama mimi, waliotaka tu mimba ishike.

Kuna pia thalati, zinazolainisha plastiki ya PVC na kutumika kwenye manukato mengi. Hizi shida yake kubwa ni kupunguza homoni za kiume. Kwa panya waliomo tumboni jambo hili limethibitishwa vizuri. Kwa binadamu, viungo vya mtoto wa kiume hujengeka zaidi miezi hii ya mwanzo, kwa hiyo si vibaya mkeo akapumzisha manukato makali kwa sasa.

Sasa habari njema, na ndiyo iliyonitoa kwenye hofu. BPA haikai mwilini. Ini huibadilisha, figo huitoa, na sehemu kubwa huwa imeondoka ndani ya siku moja. Tunaikuta kwa karibu kila mtu kwa sababu kila siku tunaiingiza upya. Mwaka 2011 kulichapishwa utafiti wa familia tano zilizokula kwa siku tatu vyakula vibichi visivyotoka kwenye makopo wala vifungashio vya plastiki: BPA kwenye mkojo wao ilishuka kwa wastani wa asilimia 66. Siku tatu tu! Mwaka huo huo, utafiti mwingine ulionyesha waliokula supu ya kopo kila siku kwa siku tano BPA yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000 ukilinganisha na walipokula supu isiyo ya kopo.

Kwa hiyo shangazi asilaumiwe, nia yake ni njema, lakini ndoo ya kuhifadhia nafaka kavu haina haraka ya kutupwa. Kinachotoa kemikali ni joto, mafuta, muda mrefu na mikwaruzo. Chakula cha moto kisiwekwe kwenye plastiki, na plastiki isiingie mikrowevu hata kama imeandikwa inafaa, kwani maandishi hayo yanahusu zaidi chombo kutoyeyuka au kupasuka. Chombo kilichochubuka na kupoteza ung'avu wake, hicho tupa. Makopo punguzeni. Glasi, chuma cha pua na udongo wa kauri vinatosha kwa vya moto.

Msidanganywe na neno "bila BPA" pia. Mara nyingi mahali pake pamewekwa ndugu yake, BPS, ambayo nayo huchezea homoni. Nimeona watu wakilipa zaidi kwa neno hilo tu na inanikera. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilipunguza kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku yake kwenye vifaa vinavyogusa chakula. Wanaosema ni uzushi wa mitandaoni walizingatie hilo.

Turudi kaunta. Mkeo avae glavu za naitrili, au amwulize mteja kwanza kama anahitaji risiti. Asishike risiti mikono ikiwa na krimu au sanitaiza mbichi. Anawe kwa sabuni na maji kabla ya kula, na risiti zisilale mfukoni wala kwenye pochi. Mimi mimba ya tatu niliomba kuhamishiwa stoo. Msimamizi alikataa, nikarudi na barua ya mkunga, akakubali kwa miezi sita. Nakala ya barua ile ninayo bado. Kama mkeo ataihitaji, sema hapa, niipige picha niiweke baada ya kuficha majina.